Homa ndogo nyumbani: tuliza mwili, usibahatishe ugonjwa

Mtoto akiamka mwili unachemka, kaya nyingi za Dar es Salaam hufanya mambo mawili: kumfunika blanketi ili atoke jasho, na kutuma mtu duka la dawa akanunue dawa mseto ya malaria. Yote mawili yana kasoro.

Homa ni dalili. Mwili hujipandishia joto wenyewe unapopambana na vimelea, na homa ndogo peke yake haina madhara makubwa. Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi kuipima. Kipimajoto kikiwekwa kwapani kikasoma nyuzi 37.5 au zaidi, hapo kuna homa.

Nyumbani kazi ni kumpa mgonjwa nafuu. Mpunguzie nguo, fungua madirisha, mpe maji, uji mwepesi au dafu. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Usimwogeshe maji ya baridi, kwani atatetemeka, na kutetemeka huongeza joto. Akiwa anasumbuka, paracetamol inatosha: kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe mtoto. Hata mtu mzima aiepuke, pamoja na diclofenac na ibuprofen, hadi ithibitike kuwa si dengue, ugonjwa uliolikumba jiji hili mwaka 2014 na tena 2019. Dawa hizo huzidisha hatari ya kuvuja damu.

Joto likishuka baada ya dawa, usidhani malaria haipo. Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani limeelekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka huhitaji tone tu la damu ya kidoleni, na majibu hutoka muda si mrefu. Kumeza dawa mseto zilizobaki kwenye droo ni kubahatisha.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo mgonjwa wa umri wowote mwenye degedege, shingo iliyokakamaa, anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunywa au aliyelegea mno. Wengine, katika maeneo yenye malaria, wapimwe ndani ya saa 24. Mzazi, weka kipimajoto nyumbani, na usingoje siku ya tatu ndipo uende zahanati.