Kiini cha sumaku chawatoa jasho watafiti wa vifaa vya umeme

TRANSFOMA ya nguzoni, mfano wa zile zinazoleta umeme katika masoko kama Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira, na chaja ya simu inayochomekwa ukutani dukani, hufanya kazi ya aina moja: kubadilisha kiwango cha umeme. Ya kwanza huhitaji mashine au watu kadhaa kuipandisha nguzoni, ilhali ya pili hutoshea kiganjani.

Tofauti hiyo haitokani tu na wingi wa umeme unaopitishwa. Inatokana pia na kasi. Umeme wa gridi ya Kenya hugeuza mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Chaja huukatakata upya, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na nyingine zaidi ya mara 100,000. Kadiri mizunguko inavyoongezeka, ndivyo kila mzunguko unavyobeba mzigo mdogo, na ndivyo kiini cha sumaku, yaani kile kipande kinachozungushiwa nyaya za shaba, kinavyoweza kupunguzwa ukubwa.

Mbona basi kasi isiongezwe bila kikomo? Kizuizi ni joto. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme katika waya ulio karibu. Tatizo ni kwamba chuma cha kiini nacho hupitisha umeme. Mikondo huzaliwa humo ndani na kuzunguka bure, kama maji ya mto penye kilindi, na nguvu yake yote huishia kuwa joto. Kasi ikiongezwa maradufu huku nguvu ya sumaku ikibaki ile ile, joto la mikondo hiyo huongezeka mara nne.

Katika transfoma ya nguzoni dawa ni kukata chuma chenye silikoni kuwa mabati membamba, unene wa takriban theluthi moja ya milimita, na kuyatenganisha kwa utando usiopitisha umeme. Kwa mizunguko 50 hilo latosha. Kwa 100,000 halifui dafu.

Mwaka 1930, Yogoro Kato na Takeshi Takei, watafiti wa Tokyo, Japani, waligundua feraiti zinazofaa kwa viini. Hii ni kauri iliyotengenezwa kwa oksidi ya chuma na kuchomwa tanuruni kama chungu cha mfinyanzi. Haipitishi umeme kwa urahisi, hivyo haichemki ovyo, na ndiyo iliyomo katika chaja nyingi hadi leo. Dosari yake ni kwamba hushiba mapema: hubeba takriban robo tu ya nguvu ya sumaku ambayo chuma kinaweza kubeba.

Hapo ndipo utafiti wa shahada za uzamifu kuhusu kompoziti za sumaku unapoingia. Wazo ni kuoanisha nguvu ya chuma na ukinzani wa kauri. Chuma husagwa kuwa chembe ndogo kuliko punje za wimbi, kila chembe ikavikwa gamba jembamba lisilopitisha umeme, kisha unga huo ukashindiliwa katika kalibu kwa shinikizo linaloweza kufikia tani 8 kwa kila sentimita ya mraba. Mikondo hufungiwa ndani ya chembe na kukosa pa kuzunguka.

Kwa maelezo ni rahisi; maabarani ni miaka ya kazi. Kushindilia huziumiza chembe, na chuma kilichoumia hupoteza nishati kila sumaku inapogeuzwa. Tiba ni kukipasha moto, na joto zaidi ndilo tiba bora zaidi. Lakini gamba, ambalo mara nyingi ni la fosfeti, huanza kuharibika joto linapokaribia nyuzi 500 za Selisiasi, na likipasuka mikondo hurudi. Mtafiti huishi katikati ya mipaka hiyo miwili. Hubadilisha gamba, hufinyanga pete, huizungushia nyaya za makundi mawili, hupima joto linalopotea, kisha huanza upya.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu swichi za elektroniki zimekwisha kutangulia. Zile za silikoni kabaidi na galiamu nitridi zinaweza kuwaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde. Kiini ndicho kinachoburuta miguu. Katika maabara ya Sandia, Marekani, watafiti wamejaribu kompoziti za nitridi ya chuma. Mwaka 2023 vyuo vikuu vya Princeton na Dartmouth vilishirikiana kuandaa shindano la wanafunzi la kukadiria nishati inayopotea katika viini, kwani hata hesabu yake haijapatikana kikamilifu.

Kwa mkazi wa Ekerenyo, matokeo yatajitokeza katika kisanduku cha inverta kinachogeuza umeme wa paneli ya jua utumike nyumbani. Mradi wa Last Mile, uliozinduliwa mwaka 2015, ulishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000 kwa walio ndani ya mita 600 za transfoma. Kwa aliye mbali na nguzo, au anayekatikiwa stima mara kwa mara, paneli bado ni tegemeo, na kila wati inayogeuka joto ndani ya inverta ni wati ambayo haikufika kwenye taa.