Likizo ya Desemba, Darubini Moja na Ndege wa Voi

Kalenda ya shule nchini Kenya na kalenda ya ndege wahamiaji hukutana kwa bahati njema. Watoto humaliza muhula wa tatu Oktoba ikiisha au Novemba ikianza, wakakaa nyumbani mpaka Januari. Majuma hayo hayo ndiyo ambayo Voi hupata mvua yake nyingi kuliko miezi mingine: nyasi huchipua kwenye udongo mwekundu, kumbikumbi hutoka ardhini, na anga hujaa ndege waliotoka Ulaya, Urusi na hata kaskazini mwa Uchina. Mzazi anayependa kutazama ndege akisema ataifungia darubini kabatini hadi watoto warudi shule, atakuja kuitoa wakati wengi wa wageni hao wamekwisha kupita kwenda kusini.

Nalisema hili kwa sababu wazazi wengi huzungumza kana kwamba starehe yao na mchezo wa watoto vinagombea saa zile zile. Baba mwenye mapenzi ya kuvua huahirisha, mama mfumaji huahirisha, na mwisho wa likizo wote wawili wamechoka na watoto wamechoshwa na runinga. Juu ya uvuvi na ufumaji siwezi kusema mengi. Juu ya ndege naweza: kazi hii ina sehemu ambazo mtoto wa miaka tisa anaziweza kuliko mimi. Mkabidhi sehemu hizo awe nazo kweli, utaona hakuna haja ya kumtafutia mchezo mwingine.

Chukua masikio. Ndani ya sikio la ndani mna vinywele vidogo sana vinavyopokea mitetemo ya sauti, na vile vinavyopokea sauti nyembamba za juu ndivyo huchakaa mwanzo. Havioti tena. Mtu wa miaka hamsini anaweza kusimama chini ya mti wenye vijindege vitano vinavyoitana na asisikie hata kimoja, na mwanawe kando yake akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye tawi. Watazamaji wakongwe hulijua hili na hawapendi kulizungumza. Mwenye mtoto nyumbani ana dawa yake: "Wewe ndiye sikio letu leo." Mtoto akijua kwamba kweli unamtegemea, hatakuuliza kila baada ya dakika tano mtarudi lini.

Darubini nayo ina mambo yake. Namba zilizochorwa juu yake, tuseme 8x42, zina maana hii: ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wazazi hudhani kubwa ndiyo bora, wakanunua ya 12. Kosa. Darubini inayokuza mara kumi na mbili hukuza pia mtetemeko wa mkono mara kumi na mbili, na eneo linaloonekana hubana, basi mtoto huishia kuona majani yanayocheza. Ya 8 inatosha. Ya 7 ni bora zaidi ukiipata. Jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba macho ya mtoto mdogo yako karibu mno, na darubini nyingi za watu wazima hazikunjiki kiasi cha kumtosha. Mwache atumie upande mmoja, alifumbe jicho la pili. Na mfundishe jambo moja tu: kwanza mwone ndege kwa macho matupu, usimwachilie kwa macho, kisha inua darubini uilete usoni. Anayeangalia darubini kwanza halafu akaanza kumsaka ndege ndani yake hampati kamwe, awe mtoto au profesa.

Mahali pa kuanzia ni uani. Hii ni kazi ya likizo ya Agosti zaidi, wakati Voi imekauka na Mto Voi wenyewe ni mchanga. Tia maji kwenye karai pana au sufuria kuukuu, kina kisizidi kidole kimoja, weka jiwe katikati pa kutua, karibu na kichaka ili ndege wapate pa kukimbilia. Yabadilishe kila asubuhi, maana mbu nao wanatafuta maji. Ukifanya hivyo katika mitaa ya Voi kama Birikani au Kaloleni utapata njiwa, kwera, kwenzi wa rangi ya samawati na chungwa, na vijindege vidogo vyenye midomo myekundu ambavyo huja kwa makundi. Mvua za Novemba zikinyesha, karai litasusiwa. Maji yako kila mahali. Watoto hulichukulia jambo hilo kwa uchungu. Waeleze sababu yake, kisha watoke nje ya ua.

Ukienda nje kidogo, ndege wa kumwonyesha mtoto kwanza ni hondohondo. Tsavo ina aina kadhaa za wale wadogo: mwenye mdomo mwekundu wote, na yule ambaye dume lake lina mdomo mwekundu wenye ncha ya njano huku jike likiwa na mdomo mweusi. Mvua ikinyesha huzaa, na namna yao ya kuzaa haina mfano. Jike huingia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa tope, kinyesi na masalia ya chakula, akabakiza ufa mwembamba tu. Huko ndani hutaga, huatamia, na manyoya yake ya kurukia huanguka, hata akitaka kuruka hawezi. Dume hubeba mizigo peke yake: panzi, mende, matunda, akipitisha kwenye ufa. Vifaranga wakikua kidogo mama hubomoa ukuta na kutoka ili asaidie kulisha, nao vifaranga huuziba tena kutoka ndani bila kufundishwa na mtu. Mkipata mbuyu au mgunga wenye tundu la namna hiyo, kaeni mbali, hatua hamsini hivi, mtoto ashike saa na kuhesabu dume amekuja mara ngapi katika nusu saa na amebeba nini. Mtoto asiyetulia mezani kufanya hesabu za kugawanya atakaa hapo nusu saa nzima.

Hondohondo hawa wana kisa kingine ambacho ni cha nyumbani hasa. Katika nyika ya Taru, ile tunayoipita tukiteremka Mombasa, mtafiti Anne Rasa alifuatilia makundi ya nguchiro wadogo na mwaka 1983 akachapisha alichokiona. Nguchiro hao hulala ndani ya vichuguu vya mchwa. Asubuhi hondohondo huja kutua juu ya miti ya karibu na kuwangoja waamke. Wakichelewa, ndege hushuka hadi kichuguuni na kupiga kelele kwenye mashimo yake. Kisha msafara huondoka pamoja: nguchiro wakipekua majani hufumua panzi, hondohondo huwadaka wanaoruka. Malipo ni ulinzi. Hondohondo hupiga ukelele mwewe au kipanga akitokea, na Rasa aliona kwamba walionya hata juu ya ndege wawindaji wasioweza kumdhuru hondohondo mwenyewe ila wanawala nguchiro. Nguchiro nao hawakuondoka mapema siku ambazo ndege walikuwa hawajafika. Mwambie mtoto kisa hiki mkiwa ndani ya matatu, na mpe kiti cha dirishani.

Sasa wageni wa Desemba. Anayewatambulisha vizuri ni kambu, kwa sababu tunaye wa kwetu na wa kigeni, na kuwatofautisha ni zoezi zuri la macho. Wa kwetu ana kifua cha zambarau na manyoya mawili marefu mkiani. Wa Ulaya ana kifua cha samawati, mgongo wa hudhurungi, na mkia usio na manyoya marefu. Wote wawili hukaa juu ya nyaya za umeme kando ya barabara ya Taveta, basi hamna haja ya kuingia porini. Ukiona kundi la vipanga wadogo wakizunguka juu baada ya mvua na kudaka kumbikumbi hewani, huenda ni wale wanaozaliana upande wa Mto Amur, mpakani mwa Urusi na Uchina. Hao hupitia India, wakavuka Bahari ya Hindi, nao uzito wao ni kama gramu 150 tu.

Lakini safari iliyochunguzwa kuliko zote katika kaunti hii haionekani mchana. Huko Tsavo Magharibi, hoteli ya Ngulia ilijengwa ukingoni mwa mteremko, ikawekewa taa za kumulika wanyama. Tangu 1969 watazamaji wa ndege wamekuwa wakienda huko kila Novemba na Desemba, kwenye siku zisizo na mbalamwezi, kwa sababu ukungu ukishuka usiku, maelfu ya ndege wanaosafiri gizani hupotea na kuvutwa na taa hizo. Huwanasa kwa nyavu laini, huwapima, huwavisha pete ndogo yenye namba mguuni na kuwaachilia. Mamia ya maelfu wamevishwa pete hapo, na baadhi ya pete zimeokotwa Ulaya na Mashariki ya Kati. Wengi wa walionaswa ni vijindege vya rangi ya vumbi, na mmoja wao, Acrocephalus palustris, mwenye uzito wa gramu 12 hivi, ana tabia ya ajabu. Dume lake huimba kwa kuiga ndege wengine. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchunguzi wake wa nyimbo zao huko Ubelgiji: alitambua sauti za aina 212 za ndege zilizoigwa, na 113 kati yake zilikuwa za ndege wa Afrika. Yaani mzungu aliyekaa bustanini kwake mwezi wa Juni anaweza kuwa anasikia ndege wa nyika zetu, wameimbwa na kijana aliyejifunza kwao likizo iliyopita.

Kuvisha pete kunataka mafunzo na kibali, kwa hiyo si kazi ya watoto wetu. Kazi yao ni orodha. Tangu 2013 kuna mradi wa Kenya Bird Map, ambao umeigawa nchi katika miraba yenye kilomita tisa hivi kila upande. Mtu yeyote anaweza kuchagua mraba, akazunguka humo si chini ya saa mbili, kisha akaendelea kuongeza hadi siku tano, akiandika ndege kwa mpangilio aliowaona. Mpangilio huo una maana: aliye wengi huelekea kuandikwa mapema, na orodha nyingi zikiwekwa pamoja hutoa kipimo cha nani amezidi na nani amepungua tangu ile atlasi ya ndege wa Kenya ya 1989. Orodha hutumwa kwa programu ya simu. Mimi hushika simu, mtoto hushika daftari na kalamu, na sheria ya nyumba yetu ni kwamba daftari ndilo mwamuzi. Ndege ambaye hakuandikwa hakuonekana, hata kama baba amemwona. Ubishi unaozuka hapo ni sehemu tamu ya likizo.

Sitaki mtoto aandike wazuri peke yao. Kunguru wa kijivu shingoni, yule aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na kupanda bara akifuata taka za binadamu, naye aandikwe, kwa sababu hula mayai na makinda ya wengine, na pahali alipofika ni habari muhimu kuliko kwenzi mia.

Kuhusu usalama sina mzaha. Voi imepakana na Tsavo Mashariki, na tembo hawasomi mabango. Tutoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukiwa kweupe, turudi saa tatu kabla jua halijakaza. Tusiingie vichakani kando ya mto, tusifuate nyayo mbichi. Mkono hauingizwi kwenye tundu lolote, liwe la hondohondo au la mti ulioanguka, kwa kuwa nyoka nao hupenda mayai. Viwanja vya shule vilivyofungwa, mashamba ya jirani aliyekuruhusu na kingo za mkonge vinatosha.

Safari kubwa moja ya likizo naipendekeza: panda matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate, kisha fika msitu wa Ngangao. Beba sweta, watoto wa Voi hawaamini mpaka meno yaanze kugongana. Msitu huo una takriban hekta 120 tu, lakini milima ya Taita na Kasigau ina ndege watatu ambao hawapatikani popote pengine duniani: Turdus helleri mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, Zosterops silvanus mwenye duara pana jeupe kuzunguka jicho, na Apalis fuscigularis, mdogo, ambaye idadi yake ni ndogo mno kiasi kwamba anahesabiwa miongoni mwa walio karibu kutoweka kabisa. Tafuta mwongozo wa pale pale kijijini, umlipe vizuri. Usimwahidi mtoto kwamba atamwona ndege huyo wa tatu. Mwahidi wa pili, ambaye hutembea kwa makundi na kuitana bila kukoma, na umwache akusikilizie.

Kijana wa miaka kumi na minne atakataa kuja, na usimlazimishe. Mwambie unahitaji mtu wa kurekodi sauti kwa simu, kwa sababu sauti ndiyo ushahidi unaotakiwa kwa ndege asiyeonekana vizuri, na wewe huijui programu ya kurekodia. Kama huijui kweli, ni bora zaidi.