Chuo Kisiwe Njia Isiyotokea

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotangazwa, wazazi wengi wa Wilaya za Mbinga na Nyasa hukabiliwa na swali moja zito: mtoto apelekwe chuo gani? Na kwa kuwa kazi ya benki ni kazi ya heshima, tena yenye mshahara wa kila mwezi, si wachache wanaotamani kijana wao asomee mambo ya fedha. Tamaa hiyo ni njema, wala hatuna nia ya kuipinga. Linalotutia wasiwasi ni namna chuo chenyewe kinavyochaguliwa.

Mara nyingi chuo huchaguliwa kwa jina lake, kwa uzuri wa tangazo lake, au kwa sababu mtoto wa jirani amekwenda huko. Yatupasa tukumbuke ada hiyo imetoka wapi. Imetoka katika kahawa ya milima ya Umatengo, iliyopaliliwa, ikachumwa na kuanikwa kwa mikono ya familia nzima. Imetoka katika usipa waliovuliwa usiku na kukaushwa juani huko Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Fedha ya jasho namna hiyo haifai kutolewa kabla ya kuuliza maswali.

Mkoa wetu wa Ruvuma umepata mafunzo mawili ambayo hatuna budi kuyakumbuka. Mwezi Februari 2016 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ilifunga masomo ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph mjini Songea, ikitaja kasoro za ubora na uendeshaji, na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vingine. Hawakuwa wameomba kuhama. Uhamisho uliwafuata walipokuwa. Kisha, tarehe 12 Mei 2017, Benki Kuu ya Tanzania ilifunga Benki ya Wananchi Mbinga kwa sababu ya upungufu wa mtaji na ukwasi, na kuiweka chini ya Bodi ya Bima ya Amana ili ifilisiwe. Wakati huo bima ililipa kila mwenye amana kiasi kisichozidi shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo hakuwa na budi kusubiri mali ya benki ikusanywe.

Basi katika muda wa miezi 15 tu tuliona chuo kikifungwa na benki ikifungwa. Fundisho lake ni wazi. Kijana asijifunge kwa chuo kimoja, wala kwa mwajiri mmoja. Achague elimu inayoweza kuhama pamoja naye.

Kuhama kwa mwanafunzi si jambo la aibu, wala si dalili ya uvivu. Huyu huhama kwa sababu ya ugonjwa, yule kwa sababu ada imemshinda, na mwingine kwa sababu mzazi wake amefariki naye anatakiwa awe karibu na nyumbani. Wengine huhama kwa kupanda: wameanza na cheti, wakaongeza stashahada, na sasa wanataka shahada katika chuo kikubwa zaidi. Wote hawa wataulizwa jambo lile lile: ulichosoma kinatambuliwa na nani?

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe juu ya usajili. Vyuo vya kati husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, na vyuo vikuu husimamiwa na TCU. Haitoshi chuo chenyewe kuwa kimesajiliwa. Kozi anayotaka kijana nayo iwe imeidhinishwa. Mambo haya hayahitaji kubahatishwa, kwani vyombo hivyo viwili hutangaza orodha zake wazi.

Swali la pili liwe juu ya ngazi. Mwenye ufaulu wa masomo manne katika Kidato cha Nne, pasipo kuhesabu masomo ya dini, aweza kuanza ngazi ya nne ya mafunzo ya ufundi, akaenda ya tano, na akamaliza stashahada katika ngazi ya sita. Akitaka kuingia shahada kwa stashahada hiyo, TCU humtaka awe na wastani usiopungua B, au alama 3.0. Tena atatakiwa kuwa na namba ya uhakiki wa tuzo, iitwayo AVN, ambayo hutolewa na NACTVET. Chuo kisichopeleka matokeo ya wanafunzi wake kwa wakati huwafungia mlango huo, hata kama wamefaulu vizuri. Ndiyo maana twasema mzazi awaulize waliohitimu miaka miwili iliyopita: je, mlipata namba zenu bila usumbufu?

Swali la tatu ni juu ya masomo yenyewe. Elimu ya chuo hupimwa kwa krediti, na kila krediti ni kama saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Anayehama huchukua krediti zake, lakini chuo kipya hupokea zile tu zinazolingana na masomo yake. Kijana aliyesoma uhasibu, hesabu za biashara, takwimu, uchumi na sheria ya biashara atapokewa mahali pengi. Aliyesoma kozi yenye jina la kupendeza lakini yenye masomo yasiyofanana na ya chuo kingine chochote atarudishwa nyuma mwaka mzima, na kahawa ya mwaka huo itakuwa imepotea bure. Basi kila mwanafunzi na atunze matokeo ya kila muhula pamoja na maelezo ya masomo aliyosoma. Aulize pia, kabla ya kuhama, kama mkopo wake utamfuata.

Vyuo vyenyewe si haba. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kimekuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 1972. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianza mwaka 1965. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianza mwaka 1963 na sasa ni chuo kikuu. Chuo cha Uhasibu Arusha kina tawi mjini Songea, na hili ni jambo la kuwafurahisha watu wa Mbinga, maana nauli na kodi ya chumba ni mzigo kama ada yenyewe. Hata hivyo ukaribu usitunyamazishe. Tuulize kozi zipi hufundishwa katika tawi, na kama mwanafunzi aweza kuhamia kampasi nyingine pasipo kuanza upya.

Jambo jingine ni kazi yenyewe. Benki zilipotaifishwa mwezi Februari 1967 na Benki ya Taifa ya Biashara kuundwa, karani wa dirishani alikuwa mtu wa lazima. Leo mvuvi wa Liuli hutuma fedha kwa simu, na wakala wa duka hupokea amana. Kazi ya kuhesabu noti inapungua. Kazi ya kupima mkopo, kukagua hesabu, kulinda mitambo na kugundua wizi ndiyo inayodumu. Chuo kisichofundisha mambo hayo, na kisichowapeleka wanafunzi wake kujifunza kazi kwa vitendo, kinawaandaa kwa kazi ya jana. Na chuo kinachoahidi ajira kwa kila mhitimu tukikwepe, kwa kuwa hakuna chuo chenye uwezo huo.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ya kukimbilia mijini tu. Mwezi Aprili 2025 Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa mjini Dodoma. Vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa navyo vinahitaji watunza hesabu hodari, watu wanaoweza kusoma mizania na kusema mapema kwamba mtaji unapungua. Mji uliowahi kupoteza benki yake unajua thamani ya mtu kama huyo.

Kwa maoni yetu, kazi hii isiachwe kwa mzazi peke yake. Matawi ya chama, vyama vya wafanyakazi, walimu na viongozi wa ushirika wawakusanye vijana kabla ya maombi kufunguliwa na kuwasomea orodha za vyuo vilivyoidhinishwa. Ni kazi ya alasiri moja. Mbinga na Nyasa zina vijana wenye akili na wazazi wasioogopa kazi. Wanachohitaji ni kuulizia njia kabla ya kuianza.