Chango: Neno Moja, Maradhi Mengi

Katika Kiswahili neno chango lina maana zaidi ya moja. Huweza kuwa utumbo mwembamba, huweza kuwa minyoo iishiyo ndani yake, na huweza kuwa maumivu yenyewe ya tumbo. Lugha inaruhusu jambo hilo, lakini tiba hairuhusu. Dawa ya kuharisha, ambayo pengine humsaidia mtu aliyefunga choo, yaweza kumwua mtu ambaye utumbo wake umeziba. Kwa hiyo yafaa kujua kila ugonjwa hutokea sehemu gani ya njia ya chakula, husababishwa na nini, na hujionyesha kwa dalili zipi.

Njia ya chakula ni mrija mmoja uanziao kinywani na kuishia mkunduni. Tumbo hupokea chakula na kukichanganya na asidi. Utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, hukimeng'enya na kufyonza virutubisho pamoja na sehemu kubwa ya maji. Utumbo mpana, wenye urefu wa mita 1.5 hivi, hufyonza maji yaliyosalia na kuhifadhi kinyesi.

Vidonda vya tumbo

Maumivu ya kuchoma kwenye chembe cha moyo, hasa wakati wa njaa au usiku, yaweza kuwa dalili ya kidonda cha tumbo au cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa muda mrefu madaktari duniani waliamini kwamba vidonda hivyo huletwa na wasiwasi na vyakula vikali. Mnamo mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Australia, waligundua kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori huishi ndani ya tumbo licha ya asidi yake. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama asipirini zinapotumiwa mara kwa mara. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu, ni ishara kwamba kidonda kinavuja damu.

Minyoo na udongo wenye unyevu

Mji wa Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba nyingi za Rungwe zimezungukwa na migomba. Kivuli na unyevu huo, ambao hustawisha ndizi na chai, huyafaa pia mayai ya mnyoo mkubwa wa mviringo, yaani askarisi. Mnyoo jike hutaga mayai kiasi cha 200,000 kwa siku. Mayai hayo yatokapo na kinyesi hayawezi kuambukiza papo hapo. Huhitaji majuma mawili au zaidi katika udongo wenye unyevu ili yakomae. Udongo mkavu unaopigwa na jua kali huyaua. Mtoto achezaye migombani, kisha akala bila kunawa, huyameza. Mara nyingi hapati dalili yoyote. Minyoo ikizidi hupata maumivu ya tumbo na hudhoofika. Basi choo cha shimo kinachotumiwa na watu wote nyumbani ni kinga kubwa kuliko dawa, kwani dawa huua minyoo iliyo mwilini tu.

Kuhara

Kuhara maji mengi bila damu kwa kawaida hutoka kwenye utumbo mwembamba, kama ilivyo katika kipindupindu. Kuhara damu na kamasi, pamoja na msokoto wa tumbo, aghalabu hutokana na bakteria au amiba walioshambulia utumbo mpana. Homa inayodumu siku nyingi, pamoja na maumivu ya kichwa na tumbo, yaweza kuwa ya matumbo, yaani taifodi. Huyu huenda akahara au akafunga choo.

Anayehara hufa kwa kupungukiwa maji na chumvi. Hata katika kipindupindu utumbo huendelea kufyonza sukari, na sukari huivuta chumvi, nayo maji hufuata. Ndiyo maana lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa, huokoa maisha pale ambapo pakiti za dawa hazipo.

Utumbo ulioziba

Kufunga choo kwa kawaida hutokana na upungufu wa maji na wa vyakula vyenye makapi, kama vile maharage, mboga za majani na matunda. Mgonjwa huyu hajapata choo, lakini upepo bado humtoka. Utumbo ulioziba ni jambo jingine kabisa. Huenda ngiri imebanwa, minyoo imejifunga kama mpira, au kitanzi cha utumbo mpana kimejisokota na kukata damu yake. Maumivu huja kwa mawimbi, tumbo huvimba, mgonjwa hutapika, wala hapati choo wala upepo. Damu ikikatika, utumbo huanza kufa katika muda wa saa chache.

Mgonjwa wa namna hii asipewe dawa ya kuharisha, chakula wala kinywaji. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Anayemsindikiza amweleze daktari mambo manne: maumivu yalianzia wapi, yalianza lini, choo kilikuwaje, na upepo ulitoka mara ya mwisho lini. Majibu hayo yatamsaidia daktari kuliko kuambiwa tu kwamba mgonjwa ana chango.