Mwanao hukesha na kompyuta?

Mzazi, mwanao anasomea kompyuta chuoni. Likizo hii amekosa nafasi ya mafunzo ya kazini, naye hukesha akiandika programu zake mwenyewe. Wadhani anapoteza wakati? Ngoja kwanza.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kuandika programu ya kuendesha kompyuta yake. Mwenyewe alisema ni ya kujifurahisha tu. Akaigawa bure, na wengine wakamsaidia kurekebisha makosa. Baadaye aliiandikia tasnifu ya shahada ya uzamili. Leo Linux ndiyo kiini cha simu za Android, pengine hata yako.

Basi usimzimie taa. Muulize anaunda nini, na nani mwingine ameijaribu.