Volti, Oktava na Nyuzi: Sinthesaiza za Analogi na Ulinganishaji wa Sauti katika Mpaka wa Busia

Utangulizi

Mto Sio humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria karibu na Sio Port, na kwa sehemu ya mwendo wake ndio mpaka baina ya Kenya na Uganda. Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka huo. Kaskazini, kwenye mji wa Malaba, Wateso nao wametenganishwa na mstari uo huo. Hata hivyo, muziki haukutii mstari. Akogo, ala ya vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, husikika kwa Wateso wa Kenya na wa Uganda. Litungu la Wabukusu nalo lina ndugu zake katika ala za nyuzi za Busoga na Buganda.

Ala hizi sasa hukutana na kinanda cha umeme arusini na makanisani. Kinanda huja kikiwa kimekwisha kulinganishwa kiwandani kwa hatua 12 katika kila oktava. Mpiga litungu hulazimika kukaza au kulegeza nyuzi zake mpaka zikubaliane nacho. Makala haya yanaeleza aina nyingine ya ala ya umeme, yaani sinthesaiza ya analogi, ambayo yaweza kuugeuza uhusiano huo: mashine ikaifuata ala ya asili badala ya kufuatwa nayo.

Shilingi mbili, jina moja

Katika sinthesaiza ya analogi, sauti huzalishwa na sakiti iitwayo osileta, na kimo cha sauti hutawaliwa na volteji inayoingizwa katika osileta hiyo. Volteji ikipanda, sauti hupanda. Kinachotofautiana ni kiasi cha kupanda, na hapo ndipo ala nyingi hushindwa kuelewana.

Asubuhi yoyote mjini Busia, wabadilishaji fedha hukumbana na jambo la namna hiyo. Kenya ina shilingi na Uganda ina shilingi. Jina ni moja, lakini shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya 20 za Uganda. Anayelipa bila kubadilisha huishia hasarani. Volti nazo ni vivyo hivyo. Robert Moog wa Marekani, aliyeanza kuunda ala zake mwaka 1964, alifuata kanuni ya volti 1 kwa kila oktava. Mwenzake Don Buchla, katika mfululizo wake wa 200, alitumia volti 1.2. Basi volti 1 ya Moog ikiingizwa katika ala hiyo ya Buchla haitoi oktava kamili; hutoa nusutoni 10 tu badala ya 12.

Korg MS-20 ya mwaka 1978 ina kanuni tofauti kabisa: ili sauti ipande oktava moja, sharti volteji iongezwe maradufu. Kutoka volti 1 hadi 2 ni oktava. Kutoka 2 hadi 4 ni oktava nyingine. Ikipewa volteji za kanuni ya Moog, hatua ya kwanza itasikika sawa, kisha zinazofuata zitapungua na wimbo utapinda. Mbali zaidi zipo ala za Peter Blasser wa Marekani, zijulikanazo kwa jina la Ciat-Lonbarde, ambazo nyingi huwekwa katika maumbo ya mbao na hazikujifunga na kipimo cha volti kwa oktava. Hizo hulinganishwa kwa sikio, kama akogo.

Nyaya, ardhi na umeme wa ukutani

Kuunganisha ala mbili huhitaji tahadhari tatu. Kwanza, plagi. Ala za mfumo wa Eurorack, ulioasisiwa na Dieter Doepfer wa Ujerumani katikati ya miaka ya 1990, hutumia plagi za milimita 3.5 zenye njia mbili: ya ishara na ya ardhi. Plagi za banana, zitumiwazo na Ciat-Lonbarde, zina njia moja tu. Kwa hiyo, ala mbili za banana zikiunganishwa, sharti uwepo waya mwingine wa kuziunga ardhi zao; bila huo, volteji haina pa kupimiwa.

Pili, ukubwa wa ishara. Kipazasauti kidogo kilichobandikwa kwenye akogo hutoa ishara hafifu sana kuliko inayohitajiwa na sinthesaiza, hivyo huhitaji kikuza sauti. Kinyume chake, sinthesaiza yaweza kutoa volti 10 kutoka kilele hadi kilele, na ishara hiyo isipopunguzwa, sauti itapasuka katika mitambo ya ukumbini.

Tatu, umeme wa ukutani. Kenya na Uganda hutumia volti 240, ilhali Marekani hutumia 120. Ala iliyoundwa kwa umeme wa huko tu, ikichomekwa Sio Port bila transfoma, itaungua.

Kulinganisha sauti

Mpiga ngoma huipasha ngozi motoni kabla ya kucheza. Osileta ya analogi nayo hutaka kupashwa: transista zake huathiriwa na joto, na inafaa iachwe ikiwaka kwa takriban nusu saa kabla ya kulinganishwa. Kisha hupewa sauti ya msingi, ikapandishwa oktava moja, na skrubu ya kipimo ikazungushwa mpaka oktava ikae sawa. Fundi hurudi kwenye msingi na kurudia, kwani kurekebisha kimoja hukisogeza kingine. Sikio husaidiwa na mapigo: sauti ya hezi 440 na ya hezi 442 zikilia pamoja, husikika mawimbi 2 kwa sekunde. Mawimbi yakitoweka, sauti zimekubaliana.

Hatua tano za Buganda

Mwaka 1950, Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alichapisha vipimo vya kinubi cha Kiganda vilivyoonyesha oktava iliyogawanywa katika hatua 5 zinazokaribia kulingana. Oktava ikihesabiwa kuwa senti 1200, kila hatua ni kama senti 240. Kinanda cha kiwandani kina 200 na 300, hakina 240. Ndiyo maana wimbo wa amadinda ukipigwa kwenye kinanda husikika kama umevaa nguo ya kuazima.

Kwa sinthesaiza ya volti 1 kwa oktava, jawabu ni jepesi: hatua moja ni volti 0.2. Ikianzia hezi 220, sauti zitakuwa 252.7, 290.3, 333.5 na 383.0, kisha 440. Kwa Buchla, hatua hiyo ni volti 0.24. Hata hivyo, hesabu hii si amri. Walinganishaji hutofautiana, na litungu au akogo havipaswi kudhaniwa kuwa vina hatua zizo hizo. Njia ya haki ni kumsikiliza mpigaji, kupima kila uzi au kijiti, kisha kuipa mashine volteji yake moja baada ya nyingine.

Suala la istilahi

Maarifa haya hayatamfikia fundi wa Malaba iwapo hayana maneno. Volti, osileta na transista ni mikopo iliyokwisha kuzoeleka au inayozoeleka kwa urahisi. Lakini kwa tendo lenyewe la kulinganisha, Kiswahili hakina haja ya kukopa: kukaza, kulegeza, kupasha na kulinganisha ni vitenzi vilivyo tayari vinywani mwa wapigaji. Mwanaistilahi anayeanzia kwenye kamusi ya Kiingereza huviruka.

Hitimisho

Kundi la Konono Nº1 la Kinshasa, lililoasisiwa na Mawangu Mingiedi, lilitengeneza vipazasauti vya likembe kwa sumaku za vipuri vya magari, na likembe ikabaki likembe. Funzo lake ni kwamba umeme haulazimishi ala kuasi asili yake. Kinachoiasisha ni kipimo kimoja kinachodhaniwa kuwa ndicho kipimo pekee. Mbadilishaji fedha wa Busia hadhani hivyo hata siku moja, huuliza kwanza, "Shilingi ya wapi?"