Masanduku Mawili Uvunguni

Mwaka 2021 nilikwenda Columbus, jimbo la Ohio, kumtembelea mpwa wangu. Kijana huyu hawindi wala hana ugomvi na mtu. Mchezo wake ni shabaha: kila Jumamosi alikuwa akienda uwanjani na bastola yake, akitoboa karatasi saa moja, kisha akirudi kufua nguo. Nilipofika nikakuta bastola imelala kabatini miezi, na uvunguni mwa kitanda mna masanduku mawili ya risasi, kila moja risasi 1,000, hayajafunguliwa.

"Mbona huendi kucheza?"

"Risasi zimekuwa ghali, mjomba. Paketi ya 50 nilikuwa nikinunua dola 10 na kitu. Sasa 30, tena ukiipata."

"Na hizi?"

"Hizo akiba."

Basi nikataka kujua ughali huo umetoka wapi. Risasi moja, msomaji, ina vitu vinne: ganda la shaba, baruti, kichwa cha madini ya risasi (kwetu madini na kitu chenyewe vina jina moja), na fataki, yaani kile kidude cha kitakoni kinachogongwa bunduki inapofyatuliwa. Bei ya shaba ikipanda, ganda hupanda. Lakini fataki ndiyo yenye kisirani. Makampuni makubwa yanayoitengeneza Marekani hayazidi vidole vya mkono mmoja, na pasipo fataki hivyo vingine vitatu havifyatuki.

Mwaka 2020 ukaja na korona, maandamano na uchaguzi. Chama cha wafanyabiashara wa bunduki kilikisia kwamba watu zaidi ya milioni 8 walinunua bunduki kwa mara ya kwanza mwaka huo. Kila mmoja akichukua paketi mbili tu, hizo ni risasi milioni 800. Na mwaka huo huo kampuni ya Remington ikafilisika, kiwanda chake cha risasi cha Lonoke, Arkansas, kikauzwa. Agosti 2021 serikali ya Marekani ikatangaza kuzuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, ambazo wachezaji walizipenda kwa urahisi wake.

Kodi nayo ipo. Risasi hutozwa asilimia 11, na tangu sheria ya 1937 pesa hizo hutunza wanyama wa porini. Na California ikaongeza asilimia 11 yake Julai 2024. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, baruti ikagombaniwa, kwa kuwa ya bastola na ya mizinga asili yake ni moja: pamba iliyotiwa asidi.

Hayo yote ni kweli, lakini mimi naona kubwa kuliko yote ni hofu. Sisi tunaijua. Shaabani ikielekea mwisho, mtu mmoja aseme Marikiti kwamba sukari itaadimika, kila mama atachukua mifuko mitatu, na kesho yake sukari imeadimika kweli. Mpwa wangu mwenyewe alinihadithia kwamba mwaka 2013, watu walipodhani serikali itabana bunduki, hata zile risasi ndogo za .22 za kujifunzia watoto zilitoweka madukani.

Nikamwuliza yake aliinunua lini. Akasema Desemba na Januari, kwa bei ile ile ya 30. Nikapiga hesabu: paketi 40, dola 1,200. Na miezi hiyo miwili ndiyo dada yangu, mamake, alipokosa zile pesa za kila mwezi, tukaambiwa ni mambo ya korona.

Sikusema neno. Akainamisha kichwa.

"Niliogopa zitakwisha, mjomba."

"Basi fungua moja, Jumamosi twende."

"Na zikiisha?"

Mwaka 2023 alinipigia simu. Bei imeshuka, ingawa haijarudi ilikokuwa, na uwanjani anakwenda tena kwa paketi mpya za dukani. Yale masanduku bado yako uvunguni. Anasema ni ghali mno kupigia karatasi.